UCHAMBUZI: Mnunuzi wa saa asigeuzwe mkaguzi wa kiwanda

WAKATI huu ambapo simu ya mkononi inampa kila mtu majira bila gharama ya ziada, ingetarajiwa kwamba biashara ya saa za kamani ingekuwa imezikwa kitambo. Lakini sivyo ilivyo.

Katika nchi kama vile Uingereza, Ufaransa, Marekani, Canada na Malaysia, kumezuka kampuni ndogo ndogo za saa, nyingine zikiendeshwa na watu wawili au watatu tu. Hazina maduka wala mabango barabarani. Huuza bidhaa zao kupitia intaneti, na saa nyingi kati ya hizo hugharimu kati ya dola 300 na dola 1,000 za Marekani.

Ahadi yao kwa mnunuzi inavutia. Wanamwambia kwamba, kwa kuwa hakuna wakala wala mwenye duka anayekula faida katikati, atapata saa yenye ubora wa majina makubwa kwa bei ya chini mno.

Ahadi hiyo mara nyingi hutimizwa. Hata hivyo, kuna malalamishi ambayo yamekuwa yakijirudia mwaka baada ya mwaka. Mnunuzi anafungua kifurushi alichokingojea kwa miezi na kukuta unywele umenaswa chini ya kioo. Mwingine anaona akrabu, yaani mishale ya saa, haikai sawasawa na alama za uso wa saa. Wa tatu ananawa mikono, na baada ya dakika chache ukungu unatanda ndani ya saa aliyoambiwa inaweza kuzama mita 200 baharini.

Je, kasoro hizi hutoka wapi? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba kampuni hizo hununua vipuri duni. Jibu hilo ni rahisi, lakini halitoshi.

Ukweli ni kwamba vipuri vinavyotumiwa na kampuni hizi si siri. Mtambo wa ndani mara nyingi ni NH35 wa Seiko au 9015 wa Miyota, kampuni iliyo chini ya Citizen, zote za Japani. Walio na uwezo zaidi hununua mitambo ya Sellita ya Uswisi. Hii ni mitambo inayoheshimika ambayo hutengenezwa kwa wingi na hupatikana pia ndani ya saa za kampuni kubwa zaidi.

Iwapo mtambo ni mzuri, chuma ni kizuri na kioo ni kizuri, basi tatizo halipo katika vipuri. Lipo katika saa chache za mwisho za kazi: kuviunganisha vipuri hivyo na kukagua kilichounganishwa.

Hapa inafaa kutofautisha makundi mawili ambayo yote huitwa huru. Kuna mafundi wanaotengeneza karibu kila kipande kwa mikono yao, kama vile Roger Smith wa kisiwa cha Man, aliyerithi mbinu za George Daniels, bingwa aliyefariki mwaka wa 2011. Hao hutoa saa chache mno kwa mwaka, na bei yao si ya mtu wa kawaida. Makala haya hayawahusu.

Tunaowazungumzia ni wale ambao, kusema kweli, hawatengenezi saa. Wao huchora muundo, huagiza, hutangaza na kuuza.

Biashara ya aina hiyo ilipata nguvu kutokana na mambo kadhaa yaliyokutana. Mwaka wa 2009, mtandao wa kuchangisha fedha wa Kickstarter ulizinduliwa nchini Marekani, na mtu aliyekuwa na wazo akaweza kulipwa na wanunuzi kabla hajatengeneza chochote. Mwaka huo huo, Miyota ikaleta mtambo wake wa 9015.

Huko Uswisi nako, Swatch Group ilikuwa imetangaza tangu mwaka wa 2002 kwamba ingepunguza uuzaji wa mitambo ya kampuni yake tanzu ya ETA kwa washindani. Mvutano ulifuata, na mnamo 2013 tume ya ushindani ya nchi hiyo ikaidhinisha mpango wa kupunguza mauzo hayo hatua kwa hatua. Pengo hilo likawanufaisha Sellita na Wajapani. Ghafla, aliyekuwa na mchoro na fedha za kuagiza mamia kadhaa ya saa angeweza kuwa na jina lake kwenye uso wa saa.

Kazi yenyewe kwa kiasi kikubwa hufanyiwa Shenzhen, nchini China, na katika eneo jirani la Hong Kong. Kasha hutoka kiwanda kimoja, uso wa saa kiwanda kingine, akrabu kiwanda cha tatu, na vyote hupelekwa kwa mwunganishaji. Mwenye jina, aliye London au Chicago, huenda asiione saa yenyewe hadi makasha yafike mlangoni pake.

Lingekuwa kosa kuwalaumu Wachina kwa sababu hiyo. Karakana hizo hizo hutoa kazi safi kwa mteja anayejua kudai na aliye tayari kulipa. Swali la msingi ni mkataba unasema nini. Je, unataja ni kiasi gani cha kupinda kwa akrabu kitakachofanya saa ikataliwe? Je, unasema nani atakagua, kwa darubini ya nguvu gani, na ni saa ngapi katika kila mia? Mkataba ukinyamaza, fundi hufuata jicho lake na idadi ya saa anazotakiwa kumaliza kabla ya jioni.

Tuzitazame kasoro zenyewe. Akrabu hubanwa kwenye vijiti vyembamba kwa mkono. Fundi makini huzungusha mtambo hadi tarehe ibadilike, kisha huzibana akrabu zikielekea namba 12, ili tarehe ibadilike saa sita usiku. Akiharakisha, tarehe itabadilika dakika 20 baadaye, au mshale wa saa utafika kwenye alama yake huku ule wa dakika ukiwa haujafika.

Duara la nje la saa za wapiga mbizi nalo ni mtego. Aghalabu huzunguka kwa hatua 120, kumaanisha kila hatua ni nyuzi tatu. Kipande chenye namba hugandishwa juu ya duara hilo. Kikikosewa kwa nusu hatua tu, yaani nyuzi moja na nusu, jicho la mnunuzi litaona na halitasahau.

Vumbi huhitaji chumba safi, glavu na subira. Skrubu inayoshikilia chuma kinachozunguka ili kujaza kamani huhitaji kukazwa kwa kipimo. Hakuna hata moja kati ya shughuli hizi inayohitaji vipuri ghali. Zinahitaji muda, na muda ndio gharama ya kwanza kupunguzwa bajeti inapobana.

Lililo zito zaidi ni suala la maji. Maji huzuiwa na mipira myembamba iliyopakwa grisi kwenye kifuniko cha nyuma na kwenye kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira. Mpira ukibanwa vibaya au ukiachwa mkavu, maandishi ya mita 200 hugeuka kuwa pambo tu.

Wanunuzi wengi hawajui kwamba kuna viwango viwili vya kimataifa. Kile cha ISO 22810, cha saa za kawaida zisizoingiza maji, kinaruhusu kupima baadhi tu ya saa kwa niaba ya zote. Kile cha ISO 6425, cha saa za wapiga mbizi, kinadai kila saa ipimwe, tena kwa shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa asilimia 25. Saa mbili zinaweza kuandikwa mita 200, lakini moja ikawa imepimwa na nyingine haijawahi kuguswa na kipimo chochote.

Tukiwa wakweli, si kila lalamishi ni kasoro. Mtambo wa NH35, kwa mujibu wa watengenezaji wake, unaruhusiwa kuchelewa sekunde 20 au kutangulia sekunde 40 kwa siku. Saa za Uswisi zilizopewa cheti cha usahihi cha COSC haziruhusiwi kuchelewa zaidi ya sekunde nne wala kutangulia zaidi ya sekunde sita. Anayenunua ya kwanza akitarajia mwendo wa ya pili hajadhulumiwa, hakuelezwa. Lakini kutomweleza nako ni kosa la muuzaji.

Ni kwa nini basi kampuni ndogo haziongezi ukaguzi? Tuchukue mfano wa kampuni iliyoagiza saa 300. Ikiwa tano katika kila mia zitarudishwa, hizo ni saa 15. Kila moja itahitaji nauli ya kurudi na kupelekwa tena, huenda ikatozwa ushuru mpakani, na lazima ipate fundi wa kuifungua. Kampuni kubwa ina vituo vya ukarabati. Hii ina meza moja na mtu mmoja anayejibu barua pepe usiku.

Kwa mantiki hiyo, ukaguzi wa mapema ungekuwa nafuu kuliko kurekebisha baadaye. Tatizo ni kwamba gharama ya ukaguzi hulipwa leo na ni ya uhakika, ilhali ya marekebisho ni ya kesho na huenda isije iwapo mnunuzi atanyamaza. Wengi hunyamaza. Mtu huona aibu kurudisha saa kwa sababu ya chembe ya vumbi. Hivyo ndivyo mnunuzi anavyogeuzwa kuwa mkaguzi wa mwisho wa kiwanda, bila mshahara, na kwa fedha alizotoa mwenyewe.

Hali huwa mbaya zaidi pale fedha zinapotolewa kabla. Kickstarter yenyewe ilitangaza mwaka wa 2012 kwamba si duka. Mnamo 2015, Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza miradi ya kila aina katika mtandao huo na kupata kwamba takriban asilimia 9 ilishindwa kutoa ilichoahidi. Lakini uchunguzi wa aina hiyo huhesabu kilichofika na kisichofika. Saa iliyofika ikiwa na akrabu iliyopinda huhesabiwa kuwa imefika.

Sheria husaidia kwa kiasi. Nchini Uingereza, sheria ya haki za wanunuzi ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro. Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Hata hivyo, Mkenya aliyeagiza saa kutoka kwa kampuni ya watu wawili ng'ambo ana nafasi finyu ya kuitetea haki hiyo. Mara nyingi ataishia kwa fundi wa saa wa mtaani, na saa ikishafunguliwa huko, dhamana huenda ikafa.

Ipo mifano inayoonyesha kwamba udogo si kisingizio. Kampuni ya Ming ya Malaysia, iliyoanza kuuza saa mwaka wa 2017, hutengenezewa saa zake Uswisi lakini huzipima Kuala Lumpur kabla ya kumfikia mnunuzi. Mwaka wa 2019 ilituzwa katika mashindano makuu ya saa ya Geneva. Christopher Ward ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ilijijengea jina kwa kumpa mnunuzi siku 60 za kurudisha saa na dhamana ya miezi 60 kwa mtambo.

Kampuni hizo mbili zilielewa jambo moja: ukaguzi ni sehemu ya bidhaa. Uswisi nayo inalielewa. Sheria yake iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa iwe ya Uswisi ndipo iitwe ya nchi hiyo. Asilimia inayosalia inaweza kutoka kwingineko, lakini kutiwa kwa mtambo ndani ya kasha na ukaguzi wa mwisho lazima vifanyiwe Uswisi.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata senti, mnunuzi anafaa kuuliza maswali manne. Nani aliunganisha saa hii? Nani aliikagua baada ya hapo, na kila moja au chache tu? Je, ilipimwa kwa maji au iliandikwa tu? Ikiharibika, itarekebishwa wapi na kwa nauli ya nani?

Kampuni iliyo na majibu huyatoa bila kusukumwa. Isiyo nayo huzungumzia rangi ya uso wa saa, historia ya babu wa mwanzilishi na idadi ya saa zilizosalia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni ndogo za saa zimeleta ushindani katika sekta iliyokuwa imezoea kujipangia bei, na ingekuwa hasara zikiporomoka. Lakini kitakachoziangusha hakitakuwa majina makubwa. Kitakuwa chembe ya vumbi ambayo mtu aliiona, akaamua mnunuzi hataiona.