Kuanzia kitabu cha mwisho ni kuhukumu bila kusikiliza kesi

Ndugu wasomaji, leo naomba niwakorofishe kidogo. Nina ugomvi na watu wanaosema kuwa riwaya za upelelezi za mfululizo unaweza kuzianzia popote, eti kwa sababu kila kitabu "kinajitegemea". Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Leo nalikataa.

Aliyenipoteza mimi ni kaka mmoja wa kazini, mzoefu wa habari za mahakamani. Nilimkuta na riwaya ya Inspekta Rebus mezani nikamuuliza nianze na ipi. Akanijibu bila hata kuinua uso: "Dogo, anza popote. Si unatafuta muuaji tu?" Nikamwamini. Jioni nikapita kwa jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, nikanunua cha kwanza nilichokutana nacho. Kilikuwa Exit Music, cha mwaka 2007.

Humo Rebus anamalizia siku zake za mwisho kabla ya kustaafu. Wenzake wanamtazama kwa jicho fulani, yeye amenuna, na kuna jambazi mmoja mzee aitwaye Cafferty ambaye hawezi kumwacha hata kwa dawa. Mimi sijui ni kwa nini. Nilikuwa kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa asiyemjua: nikala ubwabwa, nikaondoka. Muuaji nilimjua, sikatai. Lakini nilipofunga kitabu sikuwa na la kusikitikia.

Kwa wasiomfahamu, John Rebus ni askari wa Edinburgh, Uskoti, aliyebuniwa na mwandishi Ian Rankin. Kitabu cha kwanza, Knots and Crosses, kilitoka mwaka 1987. Rankin alikuwa na miaka 26, na alianza kukiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu hapo hapo Edinburgh. Cha 25, Midnight and Blue, kilitoka mwaka 2024. Ni miaka 37, wadau. Mimi mwenyewe sijafikisha umri huo.

Basi nikarudi mwanzo, nikavisoma kimoja kimoja kwa kufuata miaka. Hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nimeibiwa.

Rebus anazeeka. Mwaka 1987 ni sajini, kitabu kinachofuata ni inspekta. Anastaafu katika kile cha 2007, anarudi mwaka 2012 kufukua mafaili ya kesi za zamani kama raia, na katika Saints of the Shadow Bible cha 2013 amerudishwa jeshini. Kwa cheo gani? Sajini! Mtu aliyeanzia kitabu hicho anaona sajini mzee tu. Aliyefuata mstari anaona mtu aliyerudishwa pale alipoanzia akiwa na mvi, akipokea amri kutoka kwa Siobhan Clarke, binti aliyeingia mwaka 1993 katika The Black Book akiwa konstebo. Hiyo aibu hakuna aya inayoweza kukueleza. Inabidi uwe umeishi nao.

Na mji nao unakua. Bunge la Uskoti liliporejea mwaka 1999, kitabu cha 2000, Set in Darkness, kikaleta maiti katika jengo lililokuwa linakarabatiwa kwa ajili ya Bunge hilo. Wakubwa wa G8 walipokutana Gleneagles Julai 2005, mwaka uliofuata wakawa ndani ya The Naming of the Dead. Ukisoma kwa mpangilio unapata historia ya nchi ya watu bila kukaa darasani.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii. Katika A Heart Full of Headstones cha 2022, Rebus yuko kizimbani, anashtakiwa kwa kosa linaloweza kumweka ndani maisha yake yote. Katika kile cha 2024 yuko gerezani, pamoja na watu wa aina ile ile aliyoitumia kazi yake yote kuwafunga. Sasa mchukue msomaji wa "anza popote" umpe hicho cha 2024. Ataona mzee mgonjwa aliyefungwa. Atasema maskini, au atasema safi sana, basi. Hana msingi wa kusema lolote kati ya hayo mawili.

Aliyeanzia 1987 ana msingi. Ameona utaratibu ukirukwa mara ya kwanza, na sababu ilikuwa nzuri. Akaona mara ya pili, sababu ikawa nzuri kiasi. Ameona askari akikaa meza moja na jambazi kwa ajili ya kupata habari, halafu akikaa naye tena hata pale ambapo habari hakuna. Na kila mara msomaji alikuwa upande wa Rebus! Mimi nilikuwa upande wake. Nilishangilia. Kwa hiyo anaposimama kizimbani, na mimi nina kesi ya kujibu. Hicho ndicho wanachokunyang'anya wanaosema anza popote.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema mbona Sherlock Holmes tunamsoma hovyo hovyo na tunafurahi? Kweli. Na Bwana Msa wetu, aliyeletwa na Mohammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, naye mnaweza kumwanzia mnapotaka. Hao wanakuja na akili zao zimekamilika, wanafumbua fumbo, wanawasha kiko. Utamu wao uko kwenye fumbo. Rebus utamu wake uko kwenye deni, na deni lina tarehe.

Wa pili atasema vitabu vya mwanzo ni dhaifu, bora kuanza na Black and Blue cha 1997, kilichopata tuzo ya Gold Dagger. Ni kweli kuwa ni kizuri kuliko vilivyokitangulia. Lakini utajuaje kuwa mwandishi amepanda ngazi kama hukumwona akiwa chini? Mimi kijana ninayejifunza kuandika, kitabu dhaifu cha mtu wa miaka 26 kilinipa moyo kuliko tuzo zake zote.

Wa tatu atasema hela hakuna. Huyu namwelewa. Dawa yangu ni hii: nunua unachokikuta, lakini usikifungue mpaka zamu yake ifike. Azimaneni, badilishaneni. Nina rafiki ambaye tulikuwa tunapokezana kama daladala na konda wake. Na msiziruke zile mbili za Malcolm Fox, za 2009 na 2011. Rebus hayumo, lakini Fox anamkuta mbele ya safari, na lazima mjue ametokea wapi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma mimi mwandishi wa habari.

Kuna kesi niliyokuwa naiandika mahakamani, ya mtumishi mmoja wa umma. Wiki hii imeahirishwa, wiki ijayo shahidi hajafika, wiki nyingine hakimu ana udhuru. Kila mara maneno mia mbili, jina langu juu. Asubuhi moja nikasimama kwa mzee anayeuza magazeti karibu na kituo. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, akanionyesha habari yangu kwa kidole, akaniuliza: "Mwanangu, huyu mnayemwandika kila siku, hasa alichukua nini?"

Sikuwa na jibu. Kesi niliirithi kwa mwenzangu aliyehamishwa dawati, nikaianzia katikati. Sikuwahi kusoma hata hati ya mashtaka. Nilikuwa "nimeanza popote", na kila habari yangu "ilijitegemea". Nilikwenda kuifukua hati hiyo siku hiyo hiyo, nikarudi kwa habari za miaka iliyopita kwenye maktaba ya ofisi, na nikakuta jina la mtumishi huyo katika tuhuma nyingine ya nyuma ambayo ilizimika kimya kimya. Wasomaji wetu hawakuikumbuka. Wangeikumbukaje, wakati sisi tunawauzia kurasa za katikati?

Wezi wa mali ya umma wanapenda sana msomaji anayeanzia popote. Kila kashfa kwake ni mpya, kila mtuhumiwa ni mgeni, kila ahadi ni ya kwanza.

Kwa hiyo nasema: soma kwa mpangilio. Anza na sajini wa 1987, vumilia udhaifu wake, ukafike naye mpaka gerezani. Na ukilizoea jicho hilo, liweke na kwenye gazeti, likiwemo langu.

Naomba kuwasilisha.