Wazee Wetu Hawakulikimbia Gari la Moshi la Kwenye Shuka

Kila inapotajwa sinema ya zamani hapa Kisangani, hadithi ni ileile. Mzungu alikuja na mashine yake, akatundika shuka jeupe uwanjani, akawasha. Gari la moshi likatokea, na watu wakatimua mbio porini wakidhani litawakanyaga. Wengine, eti, walizunguka nyuma ya shuka kuwatafuta waliokuwa wakitembea ndani yake. Tunaisimulia huku tunacheka. Nasema hadithi hiyo ni uongo, na kila tunapoicheka tunawatukana waliotuzaa.

Tuanzie Lubunga, kwani hakuna mahali inapoumbuka zaidi. Ukivuka mto Kongo kutoka Makiso, katikati ya mji, unashukia upande inakoanzia reli ya kwenda Ubundu, ile Ponthierville ya Wabelgiji. Ni kilomita 125, na ilikamilika mwaka 1906 ili mizigo iyakwepe maporomoko ya Boyoma. Ni nani aliyefyeka msitu ule? Ni nani aliyebeba mataruma, akashindilia udongo, akalisha injini kuni? Watu wa ng'ambo hii walilijua gari la moshi kwa migongo yao na kwa viganja vyao. Waliujua uzito wake na mlio wake, na walijua kwamba haliwezi kwenda pasipo reli. Leo mjukuu wao anasimama mbele ya wenzake na kusema kwamba babu alikimbizwa na gari la moshi la kwenye kitambaa!

Hadithi yenyewe wala si ya kwetu. Ilizaliwa Paris. Inasemekana kwamba ndugu Lumière walipoonyesha gari la moshi likiingia stesheni ya La Ciotat, watazamaji waliruka kutoka vitini kwa hofu. Mwanahistoria wa sinema Martin Loiperdinger aliutafuta ushahidi wa taharuki hiyo na hakuuona, na filamu hiyo haikuwemo hata katika onyesho la kwanza la kulipia la tarehe 28 Desemba 1895. Lakini Wafaransa wanasimuliwa hivyo kwa upendo, kama utoto mtamu wa sanaa yao. Sisi tunasimuliwa hivyo ili tupimwe akili.

Na kipimo hicho kilifanya kazi. Kwa upande wa Waingereza, William Sellers wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa mwaka 1939 alifundisha kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera. Wabelgiji walikuwa na mafundisho kama hayo, tena wakayatia katika sheria: amri ya mwaka 1945 ilimzuia Mkongomani kutazama sinema isipokuwa filamu iliyopitishwa kwa ajili yake na tume ya kuchuja. Mapadri wa shirika la Scheut wakajaza pengo. Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za swala Mboloko huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Albert Van Haelst vichekesho vya Matamata na Pilipili huko Kasai. Malori yakazunguka na mashine na jenereta. Sisemi kwamba filamu hizo hazikupendwa, zilipendwa sana. Nasema msingi wake ulikuwa kwamba mtazamaji ni mtoto, na hadithi ya watu wanaolikimbia shuka ndiyo iliyoushikilia msingi huo.

Mwaka 1951, miaka sita tu baada ya amri ile, mwongozaji John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen. Kambi yake ilijengwa Biondo, kwenye mto Ruiki, upande uleule wa Ponthierville. Wenyeji waliijenga kwa mikono yao. Mwaka 1958 mwongozaji mwingine, Fred Zinnemann, naye akaja Stanleyville, yaani hapa hapa Kisangani, kwa ajili ya The Nun's Story. Mikono ya watu wetu ilifaa kusaidia kutengeneza sinema ya dunia nzima, ila macho yao yaliwekewa sheria ya peke yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wanaoitetea hadithi hukimbilia kisa cha kuku. Mwaka 1962 mtaalamu wa mawasiliano Marshall McLuhan alikisambaza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, akimnukuu John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa filamu ya usafi: mtu anakausha madimbwi, anaokota makopo matupu, polepole, polepole. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye filamu walishangaa, kwa maana hawakujua kama mna kuku ndani yake. Walipoikagua picha moja baada ya nyingine, wakamkuta akipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Tangu hapo kisa hicho kinatolewa kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama.

Kisomeni tena. Walioitengeneza filamu hawakumwona kuku, wanakijiji ndio waliomwona. Ndani ya filamu iliyoigizwa polepole makusudi kwa sababu watazamaji walidhaniwa wazito, kiumbe pekee aliyekwenda kwa mwendo wa maisha alikuwa huyo kuku. Jicho lililomnasa kwa sekunde moja ni jicho kali, na aliyestahili kufeli mtihani ule ni mtengenezaji.

Vijana wa Léopoldville waliijibu dharau hiyo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 walizitazama filamu za macowboy, wakajiita Bill, wakaunda lugha yao ya Hindubill, na mitaa ikawatambua kwa jina la Bill. Hivyo ndivyo hufanya watu walioielewa sinema hadi mfupani.

Kwa hiyo, mtu akikusimulia tena mbio za porini, mwulize kijiji gani, mwaka gani, nani alikuwepo. Kisha nendeni Lubunga, kwa wazee walioyaona malori yale wakiwa watoto. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1955 sasa amepita themanini, na kila msimu tunazika mmoja. Waulizeni nani alisimama kando ya mashine kutafsiri, na aliongeza nini ambacho padri hakukisema. Waulizeni walimcheka nani, filamu gani iliwachosha, ipi waliomba irudiwe. Warekodini kwenye simu mlizo nazo, mwaka huu.