Kabla Hatujamwita Mtoto Mjinga

 

Ndugu Waislamu, ipo hukumu moja ambayo hutolewa kila siku katika vyuo vyetu, tangu Mbagala na Buza hadi Tandale na Bunju, bila ya kadhi, bila ya shahidi na bila ya nafasi ya rufaa. Hukumu hiyo ni neno fupi: mjinga. Ustadh hulitamka akiwa amechoka, mzazi hulirudia nyumbani, na mtoto hulibeba mpaka utu uzima wake. Makala hii inauliza: tunapoitoa hukumu hiyo tuna ushahidi gani, na je, dini yetu imetupa ruhusa ya kuitoa kwa namna hiyo?

Nianze na nafsi yangu. Niliposomesha katika chuo kimoja cha Temeke, alikuwapo mtoto wa miaka tisa ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kusoma nilichoandika ubaoni. Wenzake walivuka, yeye akabaki. Nilimkemea, nikamchapa, kisha nikamkalisha nyuma pamoja na watoto wageni. Siku moja nilimsikia akisoma kwa moyo, bila ya kukosea, sura ambazo nilikuwa nikiwasomesha wenzake wa mbele. Ndipo nilipotanabahi. Alipopelekwa hospitali kupimwa macho, ikabainika kuwa haoni mbali. Kumbe kila nilipomrudisha nyuma ndivyo nilivyozidi kumnyima elimu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Nimemuomba radhi, na Allah namuomba maghufira.

Kupima akili si jambo la Wazungu

Wapo watakaosema kwamba mambo ya kupima akili ni elimu ya makafiri isiyotuhusu. Ndugu hao warejee katika Suratun-Nisaa, aya ya 6. Hapo mawalii wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana kuwa na rushdi, yaani upambanuzi mwema, warejeshewe mali zao. Basi kuichunguza akili ya kijana ni amri iliyomo ndani ya Kitabu.

Mafakihi wetu hawakuliacha jambo hili juu juu. Katika Minhaj ya Imam An-Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, imeelezwa kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, na mtoto wa mkulima hujaribiwa katika mambo ya kilimo. Imeelezwa pia kuwa jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi. Tazameni hekima iliyomo: mtoto hupimwa kwa lile analolijua, hahukumiwi kwa mara moja, na makusudio ya kumpima ni kumfikishia haki yake, si kumnyima.

Naye Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake swali la kuwapima, kama alivyopokea Imam Bukhari: ni mti gani usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu? Watu wakawaza miti ya majangwani. Abdullah bin Umar, kijana mdogo kuliko wote, alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Lau tungekuwapo sisi na tabia zetu, tungeandika kuwa kijana huyu hajui. Kunyamaza kwa mtoto si dalili ya kutokujua.

Yaliyogunduliwa Bagamoyo

Sasa tutazame waliyoyafikia wataalamu wa zama zetu. Kipimo cha kwanza cha akili kilichoenea duniani kilitungwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon, kwa lengo la kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Binet mwenyewe alikataa rai ya kwamba akili ya mtu ni kiwango kisichobadilika. Waliomfuatia ndio waliokigeuza kipimo hicho kuwa fimbo ya kuwadhalilishia mataifa na watu wenye rangi nyingine.

Waislamu pia walionja dhulma ya vipimo visivyowafaa. Mwaka 1931 na 1932, mtaalamu wa Kirusi Alexander Luria alikwenda Uzbekistan kuwahoji wakulima wasiojua kusoma. Aliwaambia kuwa kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, na kwamba mji fulani uko huko. Je, dubu wa mji huo wana rangi gani? Wengi walijibu kuwa hawajafika huko, hivyo hawawezi kulisemea wasiloliona. Kwa mizani ya Luria, hayo yalikuwa upungufu wa kufikiri. Kwa mizani ya mtu aliyelelewa kutotoa ushahidi juu ya asichokiona, hiyo ni amana.

Lakini ipo kazi iliyofanyika karibu nasi ambayo ina mafunzo makubwa. Mwaka 2002, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo Watanzania, walichapisha utafiti walioufanya katika shule za vijijini karibu na Bagamoyo, kwa watoto wa miaka 11 hadi 13. Watoto waliwekewa majaribio ya kupanga vitu kwa makundi, kutoa natija kutokana na maelezo, na kubaini kitu kwa kuuliza maswali machache. Kisha watoto 358 wakafundishwa kwa muda mfupi, usiofika hata saa moja, namna ya kuyaendea majaribio hayo. Wengine 100 hawakufundishwa. Walipopimwa tena, waliofundishwa walipanda zaidi, na alama zao za mwanzo zilikuwa dalili dhaifu ya alama zao za pili. Maana yake ni kwamba aliyeonekana wa nyuma asubuhi aliweza kuwa wa mbele baada ya kufundishwa kidogo. Hili ndilo walilolisema mafakihi: rudia jaribio.

Mwaka huohuo wa 2002 ulichapishwa utafiti mwingine, wa Matthew Jukes na wenzake, juu ya watoto wa shule wa Tanzania. Wenye kichocho kikali walionekana kuwa na kumbukumbu dhaifu ya muda mfupi na wepesi mdogo wa kuitikia. Basi ni watoto wangapi tumewachapa kwa kosa la mdudu aliye mwilini mwao?

Na mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walitoa tathmini ya shule za awali za mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan na kufika Zanzibar na Uganda. Watoto waliopitia shule za awali walipata alama za juu katika vipimo vya akili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa mpango huo waliwazidi wenzao wa shule nyingine za awali. Tunatofautiana na waanzilishi wake katika itikadi, wala hatulifichi hilo. Lakini uadilifu unatulazimu kukiri kwamba madrasa ikipangwa vyema hukuza akili ya mtoto.

Tudai haki na tuitende

Ndugu msomaji, sisi ni wepesi wa kudai uadilifu kwa wengine. Mwaka 2012 Waislamu tulisimama kidete juu ya matokeo ya somo la Maarifa ya Uislamu ya kidato cha sita, hadi Baraza la Mitihani likayarekebisha baada ya kubainika kosa katika ukokotoaji wa alama. Mwaka uliofuata, matokeo ya kidato cha nne yalionesha kuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Mwezi Mei 2013 Serikali ikayatengua na kuagiza yapangwe upya. Karatasi zilikuwa zilezile na vijana walewale, lakini hukumu ikabadilika. Ikiwa chombo cha taifa chenye wataalamu huweza kukosea, itakuwaje kwa ustadh mmoja mwenye watoto themanini barazani na fimbo mkononi?

Sisemi kwamba hakuna mtoto mvivu. Wapo. Wala sisemi kuwa watoto wote wana uwezo sawa, kwani Allah amewatofautisha waja wake katika vipawa kama alivyowatofautisha katika riziki. Wapo pia ambao akili zao zitabaki na udhaifu maisha yote, nao wana haki ya kutambuliwa mapema ili wafundishwe wanavyoweza, kwani msingi wa sharia ni kuwa taklifu hufuata uwezo. Ninachokataa ni kutoa hukumu kabla ya uchunguzi.

Maustadhi watasema hawana muda wala utaalamu, na posho yao haitoshi hata nauli. Kauli hiyo ni ya kweli, na aibu yake ni yetu sisi wa kamati za misikiti. Hata hivyo, mambo haya manne hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mtoto anapoandikishwa, mzazi aulizwe kuhusu macho, masikio, maradhi na kama hula asubuhi, na mwenye dalili apelekwe kituo cha afya. Pili, anayeonekana nyuma asomeshwe peke yake kwa muda mfupi, kisha apimwe tena, na afanyiwe hivyo zaidi ya mara moja kabla ya kusemwa neno lolote. Tatu, tuwapime kwa njia nyingi: asiyeweza kuandika aulizwe kwa mdomo, na mwenye haya asikilizwe faraghani. Nne, mtoto anayehitaji elimu maalumu asifichwe ndani. Buguruni ipo shule ya viziwi, na Uhuru Mchanganyiko hupokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali.

Adabu hiyohiyo iwafikie watu wazima. Mzee wa Tandika anayeanza alifu akiwa na miaka hamsini hana akili nzito. Ana macho yaliyochoka, mawazo ya familia, na hofu ya kuchekwa na wajukuu. Darsa lake lisomeshwe polepole, naye aheshimiwe.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa ni wangapi tuliowaona wajinga. Tutaulizwa juu ya amana tuliyopewa. Mtoto aliyekalishwa nyuma ni sehemu ya amana hiyo, na pengine Ibn Umar wa mtaa wetu yumo miongoni mwao, analijua jawabu na anaogopa kulisema.