Biblia Isiachiwe Mimbari Pekee

Katika vyuo vikuu, Biblia huzungumziwa na makundi mawili yasiyosikizana. Kundi la kwanza huishika kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni ikiwa tayari imepigwa chapa na kutiwa jalada jeusi. Kwa kundi hili, kuuliza iliandikwa lini na nani ni dalili ya imani haba. Kundi la pili huitupilia mbali kwa hoja kwamba ni chombo cha mkoloni, kilicholetwa ili Mwafrika afumbe macho huku ardhi yake ikitwaliwa. Makundi haya huhitilafiana katika kila jambo isipokuwa moja: yote mawili yameacha kuuliza. Nao wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukweli ni kuwa misingi ya Maandiko ya Kikristo na mafundisho ya kanisa la awali ilitokana na usomaji wa makini na maswali mazito. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anazo zana za kuifahamu misingi hiyo, maadamu asiiachie mimbari pekee.

Jina lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Neno ‘Biblia’ latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ‘vitabu’, kwa wingi. Ni maktaba iliyo ndani ya jalada moja: mna masimulizi ya kihistoria, mashairi, methali, nyaraka, sheria na maono. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, isipokuwa sehemu chache, hususan katika Ezra na Danieli, zilizoandikwa kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha watu wa kawaida, lugha ya masoko na bandari za Mediterania. Hata hivyo, Yesu mwenyewe alizungumza Kiaramu. Kwa hivyo, maneno yake mengi yalimfikia msomaji wa kwanza wa Injili yakiwa yamekwisha kutafsiriwa. Aidha, Wakristo wengi wa karne ya 1 waliyasoma Maandiko ya Kiyahudi katika tafsiri ya Kigiriki iliyoanza kufanywa mjini Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Anayeidharau Biblia ya Kiswahili kwa kuwa ni ‘tafsiri tu’ anasahau kwamba kanisa lilizaliwa mikononi mwa wafasiri.

Maktaba hiyo haikukusanywa kwa siku moja. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba nyaraka za Paulo, ambazo za mwanzo ziliandikwa yapata mwaka wa 50, zilitangulia Injili zote nne. Yapata mwaka wa 144, Marcion alitengana na kanisa la Roma kwa kulikataa Agano la Kale lote na kukubali Injili ya Luka pekee, tena aliyoipunguza, pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Changamoto kama hiyo ililazimu makanisa kujiuliza: ni vitabu vipi vyenye mamlaka, na kwa nini? Yapata mwaka wa 180, Irenaeus wa Lyon alitetea Injili nne, wala si moja. Mwaka wa 367, Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliviorodhesha katika waraka wake wa Pasaka vitabu 27 vile vile vilivyomo katika Agano Jipya la leo. Sinodi ya Carthage ya mwaka wa 397 ilithibitisha orodha hiyo.

Aleksandria na Carthage ni miji ya Afrika. Athanasio ndiye pia aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, katika karne ya 4. Dhuluma za ukoloni hazikanushiki, wala haifai kuzipaka rangi. Hata hivyo, Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, bara hili lilikuwa limekwisha kuchangia kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne katika kuamua Agano Jipya ni vitabu gani. Hoja ya kwamba Biblia ni mali ya Mzungu yahitaji kupigwa msasa.

Ushahidi mwingine umo katika msamiati wa Kiswahili wenyewe. ‘Kasisi’ limetoka katika Kiarabu, nacho kililipata kutoka Kisiria, lugha ya Wakristo wa kale wa Mashariki, ambamo maana yake ni ‘mzee’. ‘Shemasi’ limepitia njia iyo hiyo, na maana yake ni ‘mtumishi’. ‘Askofu’ ni neno la Kigiriki lililopitia Kiarabu, lenye maana ya ‘mwangalizi’. ‘Kanisa’ nalo lina mzizi wenye maana ya kukusanyika. Kwa hivyo, Mwanglikana anayemwita kiongozi wake ‘kasisi’ na Mpresbiteri anayemwita wake ‘mzee wa kanisa’ wanatumia dhana moja bila kujua. Tena, katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume, watu wale wale wa Efeso wanaitwa wazee na pia waangalizi, ishara kwamba vyeo hivi vilikuwa bado havijatenganishwa. Sambamba na hayo, ‘mtume’ ni neno la Kibantu lililoundwa kutokana na ‘tuma’, jinsi neno lake la Kigiriki linavyotokana na kitenzi cha kutuma.

Fundisho linalowatatiza wengi zaidi, yaani Utatu, laonyesha vyema mchango wa usomaji. Kiswahili cha kanisa husema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Neno hilo ‘nafsi’ ndilo litumikalo katika sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mfanano huu una historia. Neno la Kilatini ‘persona’ lilitumika kwa kinyago na uhusika wa mwigizaji jukwaani, likatumika katika sarufi, kisha likaingia katika teolojia. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullian wa Carthage, akibishana na waliosema kwamba Baba na Mwana ni yule yule, aliyaendea Maandiko kwa maswali ya mhakiki: nani anasema, anasema na nani, na anasemwa nani? Zaburi ya 110, ambamo Bwana ananena na Bwana, ilikuwa miongoni mwa hoja zake. Mwanafunzi aliyewahi kutofautisha nafsineni na mwandishi katika uchambuzi wa shairi atayatambua maswali hayo mara moja.

Baraza la Nikea la mwaka wa 325 lina funzo jingine. Arius, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na alikuwa na mwanzo. Pande zote mbili zilinukuu Maandiko yale yale. Hatimaye maaskofu walilazimika kutumia istilahi isiyokuwamo katika Maandiko, yenye maana kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Wengi wao walisita kufanya hivyo. Walikuwa wametambua kwamba kunukuu si kufasiri, jambo ambalo wahubiri wengi wa leo hawajalitambua.

Yupo atakayepinga kwamba chuo kikuu cha umma kina Waislamu, Wakristo na wasio na dini, na kwamba kufundisha Biblia ni kuhubiri. Pingamizi hilo lina jibu katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Asomaye Utendi wa Tambuka wa mwaka wa 1728 hana budi kuielewa historia ya Uislamu, na hakuna anayedai kwamba kwa kuusoma amesilimu. Vivyo hivyo, asomaye Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka wa 1971, bila kujua kwamba jina hilo limetoka katika litania ya Bikira Maria, atapitwa na kejeli iliyomo. Kwa upande mwingine, muumini anayehofia kwamba maswali yatabomoa imani yake na amkumbuke Origen wa Aleksandria, aliyepanga Agano la Kale katika safu sita, Kiebrania kando ya tafsiri za Kigiriki, ili tofauti zionekane waziwazi. Hakuificha hata moja.

Inafaa basi idara za Kiswahili ziisome Biblia kama zinavyozisoma tendi: kwa kuchunguza tanzu, wasemaji, wafasiri na historia ya maneno. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuanza bila kungoja mtaala, kwa kuweka tafsiri ya Muungano ya mwaka wa 1952 kando ya Habari Njema na kuuliza kwa nini wafasiri walichagua walivyochagua. Katika meza hiyo, anayeamini na asiyeamini watakuwa na kazi moja ya kufanya pamoja, yaani kusoma kabla ya kuhukumu.