Wengi Wape, Lakini Mmoja Naye Asisahauliwe: Somo la Kura ya Beni na Butembo

Tarehe 26 Desemba 2018, siku moja tu baada ya Krismasi, Tume ya Uchaguzi ya Kongo, CENI, ilitangaza kwamba wakazi wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na Wakongo wenzao siku ya tarehe 30. Sababu zilizotolewa ni mbili: Ebola na ukosefu wa usalama. Kura yao, pamoja na ile ya Yumbi huko magharibi mwa nchi, ilisogezwa hadi Machi 2019. Lakini rais mpya alitakiwa kuapishwa Januari. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mtoto wa shule: watu hawa wangepiga kura wakati rais ameshakaa kitini.

Wahenga walisema, wengi wape, usipowapa watajitwalia. Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, katika vituo vya kujitengenezea. Walisimama foleni, wakanawa mikono kabla ya kupiga kura ili kuonyesha kwamba Ebola inaweza kuzuiwa bila kuzuia uchaguzi, wakaandika jina la wanayemtaka, wakahesabu. Martin Fayulu ndiye aliyeongoza. Kura zile hazikuingia katika hesabu yoyote ya serikali, lakini picha zake zilizunguka dunia nzima.

Miaka imepita, na ninaporudi kusoma na kusikiliza habari za siku zile, kuna jambo linanisumbua. Karibu kila habari ilisema "Beni imekataa", "Butembo imekasirika", "ngome ya upinzani imenyimwa kura". Mji ulisemwa kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja na moyo mmoja. Yule mama aliyesimama foleni na kadi yake ya mpiga kura mkononi, tulimwona kwenye picha, lakini hatukumsikia. Aliamuaje? Nani alimshauri? Je, alikuwepo jirani yake aliyebaki nyumbani, na kwa nini alibaki?

Sisemi kwamba waandishi walidanganya. Uandishi wao ulikuwa kioo, na kioo kilionyesha kitu cha kweli: katika eneo letu la Grand Nord, jamii ina nguvu kubwa juu ya mtu. Hakuna anayeamua peke yake. Unasikia habari Radio Okapi au Radio Moto asubuhi, lakini huiamini mpaka uipime na mwenzako sokoni, na motari anayekupeleka kazini, na wazee wa familia, na waumini wenzako baada ya misa. Redio inaleta neno, halafu jirani ndiye anayelipiga muhuri.

Hilo si jambo la Kiafrika peke yake. Mwaka 1940, wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani, mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawafuatilia wapiga kura wale wale kwa miezi kadhaa. Walitarajia kuona magazeti na redio zikiwageuza watu mawazo. Walichokikuta ni kwamba waliogeuzwa na kampeni walikuwa wachache. Wengi walifuata watu wa nyumbani, wa kazini na wa kanisani, na habari ziliwafikia kupitia midomo ya watu waliowaamini. Kama ni hivyo katika nchi yenye redio na magazeti mengi, itakuwaje kwetu?

Basi hapa tuwe waangalifu. Kuna watu wa mbali wanaosikia maneno haya na kusema: "Kumbe watu wa Beni wanafuata mkumbo tu." Hapana. Mtu anaifuata jamii yake kwa sababu jamii hiyo imekuwa naye siku mbaya. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wanachinjwa, na mauaji mengi yanadaiwa kufanywa na waasi wa ADF. Waliokuja kuzika ni majirani. Waliopokea wakimbizi ni ndugu na makanisa. Serikali ilileta ahadi. Mtu akiniuliza nimwamini nani kati ya hao wawili, jibu halihitaji elimu kubwa.

Na sababu ya CENI yenyewe ilikuwa na tundu ambalo kila mkazi aliliona. Mwanzoni mwa Desemba wagombea walikuja Beni na kukusanya umati mkubwa, na hakuna aliyewazuia. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa. Ebola haikuonekana tatizo mpaka ilipofika zamu ya sanduku la kura. Kisha tarehe 31 Machi 2019 watu wale wale waliruhusiwa kuchagua wabunge, siku chache baada ya idadi ya wagonjwa wa Ebola kupita 1,000, zaidi ya ilivyokuwa Desemba. Kama ugonjwa ulizuia kura ulipokuwa mdogo, mbona haukuizuia ulipokuwa mkubwa?

Hapo ndipo suala la habari na jamii lilipogeuka kuwa suala la uhai na kifo. Watafiti waliowahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 waligundua kwamba mmoja kati ya wanne aliamini Ebola si ya kweli, na kwamba ni kama theluthi moja tu waliowaamini viongozi wa mahali pao kutetea maslahi yao. Hiyo ilikuwa kabla ya tangazo la CENI. Tangazo lilipotoka, waliosema "Ebola ni siasa" walipata ushahidi wao, tena kutoka kwa serikali yenyewe. Kesho yake, tarehe 27 Desemba, waandamanaji mjini Beni walivamia kituo cha kupokea wagonjwa, na baadhi ya waliokuwa wakisubiri vipimo wakakimbia. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali mjini Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Fikiria mtu mmoja ndani ya hayo yote. Ana homa. Moyoni anaamini kwamba ugonjwa upo, na anataka kwenda kupimwa. Lakini mtaa mzima unasema waendao kule wameuza watu wao kwa pesa za Ebola. Uamuzi wake si wa kitabibu tena. Anapaswa kuchagua kati ya mwili wake na jina lake mtaani. Wangapi walichagua jina?

Serikali nayo ikamwaga mafuta kwenye moto. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu, na matangazo ya RFI yakazimwa. Ukinyamazisha vyombo vya habari hujawanyamazisha watu. Umewaachia redio ya barabarani peke yake, ile isiyo na mhariri wala masahihisho.

Sasa turudi kwenye namba, maana hapo pia mtu mmoja alipotea. CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57 dhidi ya 34.83 za Fayulu. Tofauti ilikuwa kama kura 684,000. Walionyimwa kura walikuwa zaidi ya milioni 1.2, wengi wao wa Beni na Butembo. Wachambuzi wengi waliziweka namba hizi mbili pamoja wakahitimisha kwamba kura za Beni zingebadili kila kitu. Lakini nchi nzima waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Kwa kiwango hicho, kura halisi kutoka maeneo hayo zingekuwa kama laki sita, na si zote zingekwenda kwa mtu mmoja. Waliokuwa na sababu nzito zaidi ya kutilia shaka matokeo ni maaskofu wa CENCO, waliosema kwamba takwimu za waangalizi wao zaidi ya 40,000 hazilingani na zile za CENI.

Kwa nini ninalisema hili, mimi ninayeona kwamba uamuzi ule ulikuwa dhuluma? Kwa sababu dhuluma haipimwi kwa kuangalia kama matokeo yangebadilika. Haki ya kupiga kura si mali ya "ngome" wala ya kabila wala ya mji. Ni ya mtu. Hata angekuwa mmoja tu aliyezuiwa, tena angempigia aliyeshindwa, bado angekuwa amedhulumiwa. Tukisema kosa ni kwamba "kura za Fayulu" zimeibwa, tumemwambia kila mkazi wa Beni kwamba kura yake ilishajulikana kabla hajaipiga. Na yule aliyetaka kumpigia Tshisekedi au Shadary, tumemfuta mara mbili: CENI imemfuta, na sisi tumemfuta.

Ugonjwa huu wa uandishi haukuisha na uchaguzi ule. Sikiliza tunavyotangaza siku za vilmorte. Tunasema: "Mji umefungwa, wakazi wameitikia wito." Wangapi wameitikia, na wangapi wamefunga duka kwa kuogopa mawe? Mwenye kibanda ambaye watoto wake wanakula kwa mauzo ya siku hiyo hiyo, maoni yake ni yapi? Hatuulizi. Kesho yake yeye mwenyewe anasikia redioni kwamba ameitikia wito, na anajifunza kwamba wote wamekubali isipokuwa yeye. Hivyo ndivyo habari inavyoacha kuwa kioo na kuwa mkono unaosukuma.

Desemba 2023 Beni na Butembo zilipiga kura, na safari hiyo waliobaki nje ni wakazi wa Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita vya M23. Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa CENI mwaka 2018, leo ndiye anayeongoza muungano wa AFC ulio pamoja na M23 hiyo hiyo. Dunia inazunguka, na anayelipa ni mwananchi yule yule mwenye kadi mfukoni.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Kwa wenzangu waandishi: uchaguzi ujao ukikaribia, tupunguze kusema mji unataka nini, tuwaulize watu wamefikaje kwenye uamuzi wao, na tumtafute anayepingana na mtaa wake, bila kumweka hatarini kwa kutaja jina lake. Kwa wasomaji: habari ikikufikia sokoni au kwenye simu, muulize aliyeileta kama alikuwepo. Na jirani yako akisema asichokisema mtaa, msikilize mpaka amalize. Siku ile ya Desemba tulisimama foleni kudai kila mmoja ahesabiwe. Tuanze kuhesabiana sisi wenyewe.