Zimeni Televisheni, Watoto Watoke Nje

Vituo vingi vya kulelea watoto mijini vina televisheni ukutani, na wenye vituo huionyesha kwa fahari mzazi anapokuja kuuliza nafasi: katuni zinaimba, watoto wametulia mkekani. Naona utulivu huo ndio hasara yenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hafaidiki sana na wimbo anaousikia tu. Hufaidika na wimbo anaoucheza na wenzake, kwa miguu na makofi, na mahali panapomtosha kufanya hivyo ni nje.

Mwaka 2014 Laura Cirelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa miezi 14. Kila mtoto alibebwa na kurushwarushwa kwa kufuata muziki, huku mbele yake mtu mzima asiyemjua akinesanesa, ama sambamba naye ama kwa kupishana naye. Baadaye mtu huyo alidondosha vitu, akijifanya ni bahati mbaya. Watoto waliokwenda naye sambamba walimwokotea mara nyingi zaidi kuliko waliopishana naye. Muziki walikuwa wameusikia wote. Tofauti ilikuwa katika kwenda pamoja. Hapo ndipo televisheni inaposhindwa, kwa kuwa haiwezi kumsubiri mtoto aliyechelewa pigo wala kumfuata aliyeliwahi. Mlezi anaweza, na hata mtoto wa jirani mwenye miaka mitano anaweza.

Wazazi wanaodai KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mapema nao wana la kusikia. Mwaka 2016 Christina Zhao na Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa miezi 9 waliopitia vipindi 12 vya kucheza na muziki, ubongo wao ulishtukia zaidi mpangilio wa mapigo ulipovunjwa, katika muziki na katika matamshi pia, kuliko wa wenzao waliocheza na vitu bila muziki. Kiswahili husomwa kwa silabi, na mchezo wa duara kama ukuti huziweka silabi hizo kwenye hatua na makofi muda mrefu kabla mtoto hajashika penseli.

Msomaji makini atasema majaribio hayo yalifanyika ndani, si uwanjani. Ni kweli, na sidai kwamba upepo na vumbi vina miujiza. Hoja ya uwanja ni nafasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku, na kwamba wa mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya skrini. Dakika hizo hazipatikani katika chumba chenye watoto ishirini. Nje kuna vifuu, makopo na kokoto, kila kimoja na mlio wake, na anayevigonga hapigiwi kelele anyamaze.

Wala tusiuuze muziki kama dawa ya kuongeza akili. Utafiti wa mwaka 1993 uliozaa imani kwamba Mozart huwafanya watoto werevu ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na mafanikio yao yalidumu dakika chache tu. Hilo halikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1998, kuomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe rekodi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Kelele kwa majirani ni jambo la kuzungumzika, na kituo kisicho na ua kinaweza kuomba kutumia uwanja wa shule, kanisa au msikiti asubuhi kabla jua halijawa kali. Lakini walezi wawili hawawezi kuwavusha barabara watoto ishirini; lazima waongezwe, na msingi wa kulidai hilo upo. Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, na ujifunzaji wa awali ni mojawapo ya nguzo zake. Basi afisa ustawi wa jamii anayekagua kituo aulize watoto hutoka nje saa ngapi na watu wazima wangapi, na mzazi aelezwe waziwazi kwamba ada yake inamlipa mlezi wa ziada, hailipii king'amuzi.