POVU LA LEO: Staa wetu, urwagwa sio soda. Mnatutoa macho kwa ajili ya kiki

Najua mmezoea nikiingia hapa nawaletea nani kaachana na nani, na nani kaazima gari halafu akasema kanunua. Leo umbea upo, ila una damu ndani yake. Kwa hiyo vuta kiti, kaa vizuri, maana natoa povu kwelikweli.

Kuna staa mmoja hapa Bongo, jina kapuni, yule anayevaa miwani ya jua mpaka usiku wa manane. Juzi kati alikuja huku kwetu Ngara kwenye harusi ya ndugu wa rafiki yake. Wenyeji wakamtembeza mpaka Bukiriro, akaingia kwenye migomba ya mzee mmoja, akakuta urwagwa wa siku mbili umetulia. Urwagwa ni pombe yetu ya ndizi, ndugu zetu Wahaya wanaita lubisi. Basi simu ikatoka mfukoni, kamera ikawaka.

Kwenye klipu anachota urwagwa, anaumimina kwenye chupa nyeupe ya pombe kali, anatia vijiko viwili vya sukari, anakaza kifuniko, anatikisa. Anasema, "Siku tatu tu una bia yako yenye gesi, kiwanda wasikudanganye." Klipu inakata. Inarudi glasi imejaa kinywaji cha dhahabu, povu jeupe juu. Watu wakapagawa. Mioyo kwenye komenti kama mvua ya masika.

Sasa mimi mtoto wa Bukiriro niulize swali dogo. Urwagwa gani huo wa rangi ya dhahabu? Urwagwa unatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Una rangi ya kahawia, mzito, na ukiushika kwenye mwanga huoni upande wa pili. Kile kilichokuwa kwenye glasi ni bia ya dukani, mchana kweupe. Yaani hata yeye mwenyewe hakusubiri hizo siku tatu. Alikuwa ameshapanda gari anarudi mjini.

Waliosubiri siku tatu ni wadogo zetu.

Mtoto wa baba yangu mdogo, ana miaka 20, kamaliza fomu foo kama mimi, hana kazi kama wengi wetu. Aliona ile klipu akasema mchongo ndio huu. Akakusanya chupa nane za pombe kali, akazisuuza, akajaza urwagwa, vijiko viwili vya sukari kila chupa, akazipanga uvunguni mwa kitanda. Usiku wa pili tukasikia mlipuko, mama mdogo akadhani ni transfoma. Dogo akainama na tochi aone kuna nini. Ya pili ikapasukia usoni.

Nyuzi saba juu ya jicho la kushoto. Sio kwenye jicho, juu ya jicho. Mganga wa zahanati alionyesha kwa kidole, kama upana wa kucha, akasema ingekuwa hapo tungekuwa tunaongea mengine. Zile sita zilizobaki hakuna aliyethubutu kuzigusa. Tulizifunika kwa blanketi zito lililoloweshwa maji, tukaacha chumba siku mbili.

Nimekasirika, ndiyo. Ila hasira bila maelezo ni kelele tu, kwa hiyo tuelezane.

Gesi kwenye pombe haiji kwa kutikisa. Hamira inakula sukari, inatoa vitu viwili: kilevi na hewa ukaa. Karibu nusu ya uzito wa sukari inageuka hiyo gesi. Chombo kikiwa wazi gesi inaondoka zake, hakuna shida. Ukikifunga, inabanwa ndani ya pombe, ndio ukifungua inapanda mapovu. Mpaka hapo staa yuko sawa.

Asichosema ni kiasi. Bia ya kawaida, chupa ya nusu lita, ina gesi kama lita moja na robo iliyobanwa humo ndani. Hiyo tu kwenye joto la Dar ina presha kama ya tairi la gari dogo. Sasa urwagwa wa siku mbili bado ni mtamu, si ndio? Utamu huo ni sukari ambayo hamira haijaila. Sema imebaki gramu 20 tu kwenye nusu lita. Hizo pekee zinatoa zaidi ya lita 5 za gesi. Mara nne ya bia! Na hapo hujaweka vijiko viwili vya staa. Halafu unaifungia kwenye chupa ya pombe kali, chupa ambayo haikutengenezwa kubeba gesi hata kidogo, maana pombe kali haina gesi. Hiyo sio bia, ni bomu lenye lebo.

Kuna watakaosema naleta ushamba, Wazungu wanatengeneza bia nyumbani kila siku. Ni kweli. Uingereza ni ruksa bila leseni tangu 1963, Marekani sheria ya nchi nzima iliruhusu 1978. Lakini wao wanaacha pombe imalize kuchacha kabisa, wanapima sukari kwa mizani, na wanatumia chupa nene. Na bado zinapasuka. Huko Ufaransa wanakotengeneza Champagne, mvinyo wenye mapovu mnaomwagiana kwenye video za muziki, zamani wafanyakazi wa mapangoni walivaa vinyago vya chuma usoni, kwa sababu chupa moja ikilipuka iliamsha jirani zake. Wataalamu wale walivaa chuma. Dogo wetu alivaa singlendi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi ya ule mshono.

Mimi nimekua nikimwona babu anatengeneza urwagwa. Ndizi zinavumbikwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka juisi itoke, inachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa, inafunikwa. Inafunikwa, haifungwi. Kibuyu chake mdomoni kilikuwa na majani, sio kizibo. Nikiwa mdogo nilimuuliza, babu, mbona hukazi kabisa, inzi wanaingia? Akacheka. "Mjukuu wangu, hii bado inapumua. Ukimziba pua anayepumua atakupiga teke."

Babu hakusoma kemia hata ukurasa mmoja. Ila yale majani ndiyo kemia yenyewe: uchafu nje, gesi itoke. Na ndio maana urwagwa unanywewa ndani ya siku chache, kwa mrija, watu wamekaa pamoja. Haukutengenezwa kukaa kabatini.

Na watu walewale waliokuwa wanauita pombe ya washamba, waliokuwa wanaficha kwamba kwao kuna kibuyu, leo wanauita bia ya ndizi ya kisasa na kuupiga picha. Sawa, tunafurahi mmerudi. Lakini mmechukua kibuyu mkaacha akili iliyokuwa ndani yake. Mmemwona mzee kama pazia la nyuma ya picha. Hakuna aliyemuuliza, "Mzee, hivi ukifunga inakuwaje?" Swali moja tu lingeokoa uso wa mtu.

Najua komenti inakuja: wewe unaziba michongo ya vijana. Hapana, aisee. Mimi mwenyewe nautaka huo mchongo. Arusha wanafunga mvinyo wa ndizi kwenye chupa na unauzwa madukani, biashara halali. Zimbabwe, kiwanda cha Chibuku kilitoa Chibuku Super mwaka 2012, pombe ya nafaka yenye gesi kwenye chupa ya plastiki. Ila wanaiua hamira kwanza kwa joto, ndipo gesi inaingizwa kwa kipimo. Kwa hiyo inawezekana. Kinachonichefua ni kufundisha robo ya kazi halafu robo tatu ukaacha watu wajaze kwa nyama zao.

Basi kwa anayetaka kujaribu nyumbani, awe na miaka 18 na zaidi, na iwe ya kunywa mwenyewe na wana, hii hapa. Bure, bila miwani ya jua.

Kwanza, subiri. Urwagwa wa siku mbili haufungwi, nukta. Uache kwenye ndoo safi yenye mfuniko usiokazwa, au mfuniko wenye mpira ambao ncha yake imezama kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakiacha kutoka, machicha yakakaa chini na utamu ukaisha ulimini, labda uko tayari. Labda! Hakikisha hivi: jaza kidogo kwenye chupa ya soda ya plastiki bila kuongeza sukari, funga, weka sehemu ya joto siku mbili. Ikikakamaa, bado. Rudi ukasubiri.

Pili, ikiwa tayari, hamisha pombe kwa mpira, machicha yabaki chini. Vyombo vyote vioshwe kwa maji yenye jiki na kusuuzwa vizuri kwa maji yaliyochemka.

Tatu, sukari ni gramu 6 kwa lita. Kijiko cha chai cha kawaida, kilichosawazishwa, ni kama gramu 4. Maana yake kijiko kimoja na nusu kwa LITA nzima, wakati staa aliweka viwili vilivyojaa kwa chupa moja. Lita 10 ni gramu 60. Yeyusha yote kwenye maji ya moto kidogo, ipoe, changanya kwenye ndoo polepole ndipo ujaze chupa. Usitie chupa kwa chupa kwa macho, moja itapoa na nyingine italipuka.

Nne, chupa. Anayeanza atumie chupa za soda za plastiki, zile ngumu. Zimeundwa kubeba gesi na zikizidiwa hazirushi vigae. Za maji ya kunywa ni laini mno, achana nazo. Za pombe kali na za mvinyo wa kawaida, marufuku. Ukitaka kioo, iwe chupa ya bia isiyo na ufa, vizibo vipya, na mashine ya kubana vizibo, sio nyundo. Acha nafasi ya vidole viwili juu.

Tano, ziweke kivulini ndani ya ndoo au boksi lenye mfuniko, uzibonyeze kila siku. Zikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, peleka kwenye baridi, friji kama unayo, kisha kunywa ndani ya siku chache. Huku kwetu milimani usiku kuna ubaridi, inaweza kuchukua wiki. Dar au Mwanza kwenye joto inaweza kuwa siku mbili tatu. Ndio maana "siku tatu" ya staa haina maana yoyote, kila mji una siku zake. Unapofungua, legeza taratibu juu ya beseni, uso mbali.

Na ukitaka kuuza, usianze na kizibo. Anza na SIDO, wakuelekeze njia ya kwenda TBS, halafu kuna leseni na stempu ya kodi. Inachosha, najua. Lakini nyuzi saba nazo zinachosha.

Nimalizie na wewe staa, maana najua wapambe wako watakuletea hii. Simtaji mtu, na sikuombi hela ya matibabu, tulishalipa. Nakuomba klipu moja. Rudi posti ileile, simama mbele ya kamera, useme: ile bia kwenye glasi haikuwa urwagwa, msifunge kwenye chupa. Sekunde kumi tu. Kiki uliyopata ibaki yako. Ile klipu bado iko hewani ninavyoandika hapa, na kuna dogo mwingine mahali fulani anakusanya chupa.

Dogo wetu anaendelea vizuri, mshono unafunga. Juzi alikaa na babu migombani wakikamua ndizi, kovu likiwa bado jekundu. Babu akampa mrija, akamwambia kunywa ukiwa hai, mwanangu, gesi utaikuta kwenye soda.

Haya, uwanja wenu. Kama imekupasukia au umeona ikimpasukia mtu, andika hapo chini. Na kama una mdogo aliyeisevu ile klipu, kabla hujakomenti, kaangalie kwanza uvunguni mwa kitanda chake.